Rafiki msiri ninaye, mshauri nasaha wa nini?

Mwanaidi_Pwani:
Wakuu, habari za humu. Mtu mwenye shoga anayemsikiliza mpaka usiku wa manane anafuata nini kwa mshauri nasaha? Si maongezi yale yale, ila haya unayalipia?

Msikilizaji:
Dada Mwanaidi, tuanze na zamu. Kwa rafiki mnapokezana: leo unalia wewe, kesho yeye, na ukimwona kachoka unapunguza makali ya habari. Kwa mshauri dakika 45 hadi 50 zote ni zako, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Tena mshauri hamjui mumeo wala wifi yako, kwa hiyo hana upande. Ndiyo maana mshauri mwenye maadili hampokei ndugu wala rafiki yake.

Usiri wake nao una mipaka, na huitaja siku ya kwanza kabla hujafunguka: hatari ya kujiua, mpango wa kumdhuru mtu, mtoto kufanyiwa ukatili. Asipoitaja, muulize.

Bin_Seif:
Naongezea upande wa hofu, maana hapo marafiki huharibu bila kujua. Mtu anaogopa kupanda daladala, moyo unamwenda mbio. Rafiki anamwambia, "Basi chukua bodaboda." Ni upendo mtupu, lakini kila akikwepa hofu inanenepa, kwa sababu mwili unaamini kukwepa ndiko kulikomwokoa.

Mshauri wa tiba ya fikra na tabia hupanga naye ngazi, kila hatua ikipewa alama za hofu, 0 hadi 10. Kusimama kituoni dakika 10: alama 3. Kupanda vituo viwili saa nne asubuhi, gari likiwa na nafasi: 5. Kubanana mlangoni saa kumi na moja jioni: 9. Anaanzia chini, anarudia hatua ile ile siku kadhaa, anaandika alama daftarini mpaka zishuke. Wengi hukosea kwa kuteremka garini hofu ikiwa kileleni, au kwa kuruka kutoka 3 hadi 9.

Msikilizaji:
Kuna na vipimo. Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 mtu anahitaji uchunguzi zaidi. Dodoso peke yake halitoi hukumu. Swali la 9 linahusu mawazo ya kujidhuru, na jibu lolote zaidi ya 0 hufuatiliwa siku hiyo hiyo.

Mwanaidi_Pwani:
Hivyo shoga nimwache?

Bin_Seif:
Hapana dada! Hata bibi wa mtaani anaweza kazi hii akifunzwa. Kule Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wakiketi na watu kwenye benchi. Ila wana dodoso, wanasimamiwa, na kila mgonjwa huchagua tatizo moja na hatua moja ya kufanya. Shoga yako mpe kazi nyepesi: Jumapili akuulize, "Hatua ya wiki hii umeifanya?" Asikufanyie.