Wakomanchi na ujumbe wa siri Vita ya Pili ya Dunia: mfumo ulifanyaje kazi?

Mlinzi_wa_Mawimbi: Wakuu, inasemwa jeshi la Marekani lilituma ujumbe wa siri kwa Kikomanchi, lugha ya Wakomanchi, wenyeji asilia wa huko. Kama ni lugha ya watu, Mjerumani alishindwaje kupata mkalimani? Na kifaru au ndege walivisemaje, wakati lugha haina maneno hayo?

Tandabui: Lugha peke yake haikutosha, mkuu. Vijana 17 waliandikishwa jeshini, wakafunzwa Fort Benning, Georgia, wakatunga msamiati wao wa istilahi kama 250. Kifaru kikawa “kobe”. Bunduki ya rashasha ikawa “cherehani”, kwa ule mlio wake. Ndege yenye mabomu tumboni? “Ndege mjamzito”! Hitler walimwita “mzungu kichaa”. Kwa hiyo hata Mkomanchi asiyefunzwa angesikia habari za kobe na cherehani tu, asijue mada.

Mlinzi_wa_Mawimbi: Kwa nini wasitumie mashine?

Nahau: Muda. Kuficha ujumbe kwa mashine, kuutuma, kisha kuufumbua kulichukua saa nzima au zaidi. Hawa walimaliza kwa dakika chache. Udhaifu ni kwamba kila upande wa simu lazima awepo Mkomanchi aliyefunzwa, na walikuwa wachache: 14 tu ndio waliopelekwa Ulaya na Divisheni ya 4 ya jeshi la Marekani. Pale Utah, jina la siri la ufukwe wa Normandia, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, ujumbe wao wa mwanzo ulisema wametua salama, ila mahali sipo.

Tandabui: Kweli, mkondo uliwasukuma kusini karibu kilomita 2. Baadhi walijeruhiwa vitani, hakuna aliyeuawa. Usiwachanganye na Wanavajo, ndugu, wenyeji asilia wengine waliotuma ujumbe wa siri kwa lugha yao. Wale walikuwa Pasifiki.