TVT (saratani ya mbwa inayoambukizwa kwa kupandana) kwa mbwa jike: kisu au vinkristini (dawa ya saratani ya sindano)?

Mlinzi_wa_Geti: Jike wa kienyeji, kilo 20, anadondosha damu ukeni ingawa joto la kutaka dume limeshapita. Ndani kuna nyama nyekundu mfano wa koliflawa, ukiigusa inavuja. Kliniki moja inataka kukata, nyingine inataka sindano za kila wiki. Nichague ipi?

Dozi_Sahihi: Kwanza hakikisha ni TVT. Slaidi inagandamizwa juu ya uvimbe, inapakwa rangi na kutazamwa kwa darubini: seli za mviringo zenye vitundu vidogo vyeupe. Ikithibitika, anza na vinkristini. Saratani hii haikuanza kwenye mwili wa huyo jike; ni seli hai za mbwa mwingine zilizohamia kwake kwa kupandana, au kwa kulambana na kunusana. Ndiyo maana kisu hushindwa mara nyingi: seli chache zikidondokea kwenye kidonda, uvimbe unaota upya. Tundu la mkojo nalo liko jirani, kwa hiyo daktari hawezi kukata kwa upana.

Dozi ni 0.025 mg kwa kila kilo, mshipani, mara moja kwa wiki. Kwa kilo 20 ni 0.5 mg, yaani nusu mililita ya chupa yenye mg 1 kwa ml. Wengi hupona kwa sindano 4 hadi 6. Damu hukauka mapema, na hapo ndipo wenye mbwa hukatiza tiba. Endeleeni mpaka uvimbe usionekane kabisa.

Kisu_na_Uzi: Upasuaji una nafasi yake: kivimbe kimoja, kidogo, chenye shina, kinachofikika vizuri. Au masalia yaliyogoma baada ya sindano. Ila kufunga kizazi kusubiri tiba iishe na damu ikae sawa, maana dawa hii huchelewesha kidonda kupona.

Kanula22: Balaa la vinkristini ni kuvuja nje ya mshipa. Nyama huoza, na mbwa anaweza kuutafuna mguu wake mwenyewe. Kanula (mrija mwembamba wa mshipani) iwe mpya, iingie kwa mchomo mmoja, isukumwe maji ya chumvi kabla na baada ya dawa. Mguu uliochomwachomwa asubuhi uachwe, tumia mwingine. Ikivuja: simamisha, usichomoe, vuta unachoweza kupitia kanula hiyohiyo, kisha kanda kwa kitambaa cha uvuguvugu. Barafu hapana, hiyo ni ya doksorubisini, dawa nyingine ya saratani.

Mlinzi_wa_Geti: Kipimo cha damu kila wiki ni lazima? Gharama inapanda.

Dozi_Sahihi: Lazima, tena kabla ya kila sindano. Seli nyeupe zikiwa chini ya 4,000 kwa mikrolita ya damu, ahirisha wiki. Mbwa wetu wana kupe, na Ehrlichia, bakteria wanaoletwa na kupe, hushusha chembe sahani (zinazogandisha damu). Ukikuta ziko chini, tibu hiyo kwanza. Akiwa chotara wa Collie mwambie daktari, maana baadhi yao vinkristini huwalemea kwa dozi ya kawaida.

Kanula22: Nyumbani, zoa kinyesi na mkojo kwa glavu kwa siku 3 baada ya kila sindano, mjamzito asiguse. Kutapika kidogo au choo kugoma hutokea. Homa, au kulala bila kutaka kula, ni kliniki siku hiyohiyo. Na geti lifungwe: madume ya mtaani yakimfikia kabla hajapona, yanaondoka na ugonjwa.