Kwa nini Mosaic na Netscape zilishika, na vivinjari vya kabla yake havikushika?

Mwl_Wete

Assalaam alaikum wana jamvi. Nasomesha kompyuta skuli ya sekondari hapa Pemba, na wiki ijayo nina mada ya historia ya vivinjari, yaani programu za kufungulia kurasa za wavuti. Kila kitabu kinarudia sentensi moja: Mosaic ilipendwa kwa sababu ilionesha picha. Hainitoshi. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, alikuwa na kivinjari chake CERN, maabara ya fizikia huko Uswisi, tangu mwisho wa 1990, na 1992 vilikuwapo ViolaWWW na Erwise. Vilikosa nini? Halafu, ipo njia ya kuwaonesha wanafunzi jambo lenyewe kwa macho? Maabara ina kompyuta 12 za Windows 10, na intaneti ni bando la simu.

FundiDarajani

Waalaykum salaam mwalimu. Anza na mashine, picha zije baadaye.

Kivinjari cha Berners-Lee kiliandikwa kwa ajili ya kompyuta za NeXT, mashine ghali ambazo wachache mno walikuwa nazo. Nicola Pellow, mwanafunzi aliyekuwa CERN, akaandika kingine kilichokubali karibu kila kompyuta, lakini hicho ni maandishi matupu: viungo vimepewa namba, unaandika 3, unabonyeza Enter. Viola na Erwise vilitaka Unix (mfumo endeshi) yenye X Window (programu ya kuonesha madirisha), yaani mashine za vyuo na maabara. Kwa ufundi Viola haikuwa nyuma hata kidogo. Tatizo ni kwamba mwenye PC ya kawaida mezani hakuwa na pa kuiweka.

Mosaic ya Marc Andreessen na Eric Bina, pale NCSA, kituo cha kompyuta kuu katika Chuo Kikuu cha Illinois, nayo ilianzia huko huko kwenye Unix, Januari 1993. Lakini mwaka haukwisha ila ina matoleo ya Windows na Macintosh, bure kwa asiyefanya biashara. Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Usisahau Gopher, mfumo mwengine wa kusoma habari mtandaoni kwa menyu. Mwanzoni mwa 1993 ndiyo iliyokuwa ikitumika zaidi kuliko wavuti. Chuo Kikuu cha Minnesota kikatangaza kutoza ada ya leseni kwa baadhi ya wenye seva, watu wakaingiwa na wasiwasi. Tarehe 30 Aprili mwaka huo huo CERN ikatangaza kwamba programu zake za wavuti ni mali ya umma, hazina malipo. Mtu wa kuweka seva angechagua ipi?

BiMchangani

Nakubaliana na Fundi, ila picha nazo zina mambo mawili yanayochanganywa. Andreessen alipendekeza alama ya IMG Februari 1993 ili picha ikae ndani ya maandishi badala ya kufunguka dirisha lake peke yake. Hilo liliwavutia watu. Lakini kwa mwenye modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, picha hizo hizo zilikuwa adha. Piga hesabu: picha ya KB 50 kwa modemu ya kilobiti 14.4 kwa sekunde ni sekunde 28 kwenye karatasi, na laini ya simu haifuati karatasi. Mosaic ilikusubirisha mpaka vitu vya ukurasa vimefika, ndipo ikuoneshe.

Netscape Navigator, iliyotoka Desemba 1994, iliwashika watu hapo. Maandishi yalitokea kwanza, picha zikafuata kidogo kidogo huku unasoma, na ilifungua miunganisho kadhaa kwa wakati mmoja. Ikaongeza pia WIDTH na HEIGHT kwenye IMG ili nafasi ya picha itengwe kabla haijafika.

Sasa jaribio lako, mwalimu. Tengeneza ukurasa wenye aya tatu na picha nne za JPEG za KB 40 kila moja. Huo uite netscape.html. Unakili uwe mosaic.html, na huo wa pili uanze hivi:

`<body style="visibility:hidden" onload="document.body.style.visibility='visible'">`

Usifupishe kwa kuandika this.style, haitafanya kazi: kwenye onload ya body, this ni dirisha, si body.

Ndani ya folda hiyo endesha `python -m http.server 8000`, amri ya lugha ya programu Python inayoigeuza kompyuta kuwa seva, kisha ufungue `localhost:8000` kwenye Chrome. Ukibofya faili mara mbili tu, breki ya mtandao haitashika, lazima ipitie seva. Bonyeza F12, nenda Network, tengeneza wasifu wa kasi wako mwenyewe: kushusha kilobiti 14 kwa sekunde, kupandisha 14, ucheleweshaji milisekunde 200. Zima kache (akiba ya kurasa zilizokwisha kufunguliwa), la sivyo mara ya pili ukurasa utakuja papo hapo na somo limeharibika. Mmoja utawapa maandishi mapema, mwingine utawakalisha mbele ya weupe karibu dakika moja na nusu. Bando haliguswi.

Mwl_Wete

Shukran sana Bi. Naweza kuweka seva mashine moja na nyengine zote zisome kwake kupitia hotspot ya simu?

BiMchangani

Simu nyingi zina kikomo cha mashine 8 au 10, wewe unazo 12, na baadhi huzuia mashine zisionane. Nakili folda kwa flashi, kila kompyuta ijiendeshee seva yake. Zisizo na Python waketi wawili wawili.

KijanaNgambo

Hamjagusa maudhi ya kuunganisha. Windows 3.1 haikuja na TCP/IP, lugha ambayo kompyuta huzungumza kwenye intaneti. Ulilazimika kuweka programu ya kuijazia, Trumpet Winsock ya Peter Tattam wa Australia, ujaze anwani ya IP, seva ya majina, mlango wa COM (tundu la modemu), kisha urekebishe skripti ya kuingilia ili ilingane na maneno ya seva ya mtoa huduma wako. Neno moja likitofautiana, modemu inalia, inapokelewa, halafu kimya. Ugonjwa mwengine maarufu: WINSOCK.DLL (faili la kuunganishia programu na intaneti) mbili za watengenezaji tofauti kwenye PATH, orodha ya folda ambamo Windows hutafuta faili. Kivinjari kinachukua ile isiyo yake na kugoma. Na PC yenye chipu ya zamani ya 8250 kwenye mlango huo wa COM ilipoteza herufi kwa kasi kubwa, kwa kuwa haina pa kuziweka. Chipu mpya zaidi, 16550A, ina akiba ya baiti 16.

Windows 95 ilipotoka Agosti 1995 ikiwa na TCP/IP na kipiga simu chake, sehemu kubwa ya balaa hilo ikaondoka. Watu wanaipa Netscape sifa zote, wanasahau hili.

Upande wa pili wa hadithi ni Microsoft. Ilichukua leseni ya Mosaic kutoka kampuni ya Spyglass, ikatoa Internet Explorer bure na baadaye ikaiweka ndani ya Windows. Faili la MB 10 kwa modemu ya 28.8 ni dakika 46 laini isipokatika. Nani atashusha kivinjari kingine wakati kimoja kimo tayari? Januari 1998 Netscape nayo ikafanywa bure, lakini maji yalishamwagika.

FundiDarajani

Nyongeza ya dakika mbili kwa darasa. Waandike `navigator.userAgent` kwenye Console ya Chrome (ipo humo humo kwenye F12). Jibu litaanza na Mozilla/5.0. Mozilla ndilo jina la ndani la Netscape. Baadhi ya seva zilikuwa zikitoa kurasa zenye fremu (dirisha lililogawanywa vipande) kwa kivinjari kinachojitambulisha hivyo tu, kwa hiyo Internet Explorer ikajiita Mozilla ili isinyimwe, na waliofuata wakaiga. Mwalimu, wajaribu na Edge pia.