Ndugu wanaomba soda zilizo stoo kwangu: je, mimi ni mchoyo?

MkaziWaTabata (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri katika jambo linaloninyima usingizi kwa wiki ya pili sasa. Nyuma ya jiko langu kuna stoo ndogo, na ndani yake kuna kreti 21 za soda za chupa, zilizopangwa hadi kukaribia dari. Kaka wa mke wangu ana mtoto anayepata kipaimara Jumapili ijayo, naye ameomba kreti 4. Nimemkatalia. Tangu siku hiyo mke wangu ananijibu kwa neno moja moja, na chakula changu nakikuta kimefunikwa mezani, kimepoa.

Nieleze pia hali yangu ya moyoni ili msinihukumu haraka. Nimekulia katika nyumba ambayo soda ilikuwa ya mgeni. Nilitumwa dukani na chupa tupu, nikarudi na iliyojaa, kisha nikasimama nyuma ya mlango nikimwomba Mungu mgeni abakize kidogo. Leo nikiwasha taa ya stoo usiku na kuviona vile vizibo safu kwa safu, najiona na mimi ni mtu mwenye nacho, na kreti moja ikitoka ni kama tofali limeng'olewa ukutani. Je, kukataa kutoa kitu ulicho nacho kwa wingi ni uchoyo, au ni kujua thamani ya mali?

Kizibo
Mkuu, mimi ninaishi jirani na Tabata na nina kiu. Naomba tulimalize suala hili ana kwa ana.

MamaWawili
Pole sana. Usimsikilize Kizibo, yeye hana mashemeji. Mimi nilikuwa na desturi ya kuweka juisi na soda kwenye friji kwa ajili ya wageni, mpaka wifi yangu akahamia kwetu kwa muda wa kutafuta kazi, na muda huo ulikuwa miezi 9. Kila nilipofungua friji nilikuta chupa zilizobakizwa robo, kwa sababu yeye aliona kwamba anayemaliza chupa ndiye mlafi, lakini anayebakiza ana adabu. Nilinunua kufuli. Alipoondoka nililitoa, na hadi leo mume wangu hukumbushia habari ya kufuli kila tunapogombana, hata kama ugomvi wenyewe ni wa ada ya shule. Fikiri vizuri kabla hujamnyima ndugu wa mwenzi wako.

UstadhiWaPwani
Assalaam alaykum. Ningependa kulieleza jambo hili kwa upande wa zaka, kwa kuwa wengi hulichanganya. Vyakula na vinywaji alivyoviweka mtu kwa matumizi ya nyumbani kwake havitolewi zaka hata vikijaa chumba. Bidhaa za biashara ndizo zinazohesabiwa, zikifikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, ambayo wanazuoni wengi wa zama hizi huikadiria kwa thamani ya gramu 85 za dhahabu, na zikipitiwa na mwaka, hapo hutolewa asilimia 2.5. Kwa hiyo ndugu yetu aseme kwanza kama soda hizo ni za kunywa au za kuuza.

MkaziWaTabata
Shukrani, ustadhi, ingawa mimi ni Mkatoliki. Si za kuuza, na kwa kweli si za kunywa pia. Zipo tu.

MhasibuMstaafu
Kreti 21 kwa chupa 24 ni chupa 504. Hakuna familia ya Tabata inayonunua chupa 504 za soda ili ziwepo tu. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na hakuna mahali umeandika neno "nilinunua". Soda hizi zimetoka wapi?

MkaziWaTabata
Sikuona kama jambo hilo lina umuhimu, lakini kwa kuwa umeuliza nitaeleza. Mwezi uliopita kulikuwa na harusi ya mtoto wa binamu yangu, na mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya vinywaji. Tuliagiza kreti 70 tukitarajia watu 500, maana kadi nyingi zilikuwa za watu wawili wawili. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu saa nane mchana, barabara zikajaa maji, wakafika watu 310. Zikabaki kreti 31. Ukumbi ulitaka tuondoe vitu usiku uleule, na mwenye nafasi ya kuvihifadhi nilikuwa mimi. Hakuna aliyejitolea mwingine. Kamati imekwisha kuvunjwa, hesabu zimesomwa, bwana na bibi harusi wako safarini, na hakuna mtu yeyote aliyeuliza habari za soda. Zaidi ya hayo, amana ya chupa na kreti zote 70 niliilipa kwa fedha yangu ya mfukoni. Mtu aliyebeba mzigo wa namna hiyo anastahili kusikilizwa.

DadaWaKwaya
Soma Matendo ya Mitume, sura ya 5, habari za Anania na Safira. Shamba lilikuwa lao na waliliuza wenyewe, lakini walizuia sehemu ya fedha huku wakijifanya wametoa yote. Wewe hata shamba huna. Michango ile ilitoka kwa watu waliopigiwa simu mara tano tano, na wengine walikopa ili jina lisome vizuri kwenye orodha.

BabuWaKorogwe
Vijana mnaichukulia soda kama kitu chepesi. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine aliposimamia msako wa wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kuficha na kulangua bidhaa, baba yangu alikuwa na kreti 5 za soda chini ya kitanda kwa ajili ya harusi ya dada yetu mkubwa, na kibali chake kilikuwa kimekunjwa ndani ya mfuko wa shati. Lakini hofu ya siku zile haikusoma vibali. Tulisikia kwamba mtaa wa pili watu wamechukuliwa kwa sababu ya mabunda ya vitenge. Usiku ule baba alituamsha, tukafungua chupa moja baada ya nyingine kwa bawaba ya mlango, tukamwaga chooni. Povu lilipanda hadi kwenye tundu, likawa linachemka kwa sauti kama samaki wanaokaangwa, na mimi nilipolamba kidole nilipigwa kofi. Harusi ilifanyika kwa togwa. Dada yangu ana wajukuu sasa, na bado anasema alidaiwa soda na Serikali.

MhasibuMstaafu
Mzee, simulizi yako ni tamu, lakini naomba nirudi kwenye hesabu. Kwanza, amana si gharama. Ukirudisha chupa tupu unarejeshewa fedha yako, kwa hiyo huwezi kuitumia kama sababu ya kumiliki kinywaji kilichomo ndani yake. Pili, zilibaki kreti 31 na stoo ina 21. Nyingine 10 ziko wapi?

MkaziWaTabata
Nilizitoa jumuiya. Kulikuwa na mavuno ya jumuiya yetu ndogo ndogo, watu walikuwa wanapeleka mbuzi na mikungu ya ndizi, nami sikutaka kwenda mikono mitupu. Mwenyekiti alilitaja jina langu, watu wakasimama wakapiga makofi. Sitaki kuwaficha, katika miaka yangu 46 sikuwahi kupigiwa makofi na watu waliosimama. Sasa mnaona ugumu wangu. Nikimpa shemeji, atatangaza kote kwamba natoa, na kesho ataanza kuja kila mwenye shughuli. Nimekwisha kuamua kwamba zilizobaki zikae, angalau hadi watu wa harusi wasahau. Nilichotaka kutoka kwenu ni namna ya kumwambia mke wangu.

DadaWaKwaya
Kumbe ulishatoa, ila kwa jina lako! Wahenga walisema kutoa ni moyo usambe ni utajiri, lakini nadhani walikusudia mtu atoe na kilicho chake.

Kizibo
Wakuu, mimi nasema hii ni chai, tena ya maziwa. Nimewahi kuwa kwenye kamati za harusi zaidi ya mara 4. Sisi kila mara tulikubaliana na wakala wa jumla kwamba kreti ambazo hazijafunguliwa zinarudi, na tulilipia zilizonywewa tu. Huyu anataka tuamini kwamba kreti 31 zililala nyumbani kwake na wakala hakupiga simu? Chupa tupu zilizokwenda jumuiya zilirudi? Mleta uzi, kama si hadithi, nenda stoo sasa hivi utuandikie tarehe ya mwisho wa matumizi iliyo kwenye vizibo.

MkaziWaTabata
Tulilipa zote mapema ili tupunguziwe bei, na wakala alitupa siku 3 za kurudisha zilizobaki. Gari la kuzirudisha lilikuwa juu yangu, na fedha itakayorejeshwa ingekwenda kwa mweka hazina. Siku 3 zikapita. Chupa za jumuiya bado nazifuatilia. Nakwenda stoo.

MamaWawili
Tunasubiri. Mimi nimeshaweka chai jikoni, ya kweli.

MkaziWaTabata
Nimerudi. Tarehe ni ya mwisho wa mwezi ujao. Lakini kuna jambo jingine. Niliposhusha kreti za juu ili nisome vizuri, niliona za chini kabisa ni nyepesi. Kreti 2 ni chupa tupu. Vizibo vimerudishwa juu ya kila chupa, vimegandamizwa kwa mkono vikalala sawasawa, na ukitazama kutoka mlangoni huwezi kujua. Ni chupa 48. Watoto wangu wako bweni. Ufunguo tunao mimi na mke wangu.

Kizibo
Naomba radhi, mkuu. Nimeanza kukuamini. Aliyetunga hadithi angehakikisha zinatimia 21.

MhasibuMstaafu
Kabla hujamuuliza mama chochote, mpigie mweka hazina wa harusi usiku huu na umtajie kreti 19 zilizojaa, 2 tupu na 10 za jumuiya. Mjulishe mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

MkaziWaTabata
Nimekuelewa. Ila hapa nje nasikia guta linasimama, na mke wangu ametoka kwenda kufungua geti bila kuniuliza ni nani. Nadhani ni shemeji. Nitawaandikia baadaye.