MJADALA: Kiti cha urais wa Zanzibar kikiwa wazi, kwa nini wanachukua fomu wengi hivi?

Mwanzisha mada, Unguja Mjini

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nataka tulizungumze hili sasa, kabla ya uchaguzi wa 2030, maana yakishaanza majina hakuna tena anayesikiliza hoja.

Mwaka 2020 Dk. Shein, Rais wa Zanzibar wakati ule, alikuwa anamaliza awamu zake mbili. Waliochukua fomu ndani ya CCM kuomba urais wa Zanzibar walipindukia 30. Walikuwemo mawaziri, mabalozi, watoto wa marais, na wengine ambao majina yao ndiyo kwanza tunayasikia. Kisiwandui, kwenye afisi kuu ya CCM Zanzibar, ilikuwa kila siku na mtu wake: anatoka afisini na mkoba wa fomu, anazungumza kidogo na waandishi, anaingia garini kwenda kutafuta wadhamini Unguja na Pemba. Kesho yake mwengine.

Barzani jawabu ni moja tu: tamaa. Mimi siikubali. Wenye tamaa wapo miaka yote, lakini 2015, Dk. Shein alipoomba awamu ya pili, hakuna aliyejitokeza kushindana naye. Basi kuna kinachowaita watu mwaka mmoja na kuwanyamazisha mwaka mwengine. Sehemu yake ni Katiba, kwa sababu ukomo wa awamu mbili unakiacha kiti wazi: 2000, 2010, 2020. Lakini kiti kuwa wazi hakutoshi kueleza watu thelathini.

Mimi naona wanaingia wengi kwa sababu anayeamua si mwanachama. Majina yanajadiliwa na Kamati Maalumu ya Zanzibar, yanakwenda Kamati Kuu yanapunguzwa, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa inapiga kura Dodoma. Tarehe 10 Julai 2020 yalifika huko majina matatu. Hussein Mwinyi alipata kura 129, Khalid Salum Mohamed 19, Shamsi Vuai Nahodha 16. Jumla kura 164. Wale wengine wote walikatwa kabla hata ya kupigiwa kura, na mwanachama wa tawini hakuambiwa kila mmoja amekatwa kwa lipi.

Sasa jiwekeni nafasi ya mtia nia. Angekuwa anakwenda kuomba kura Makunduchi, Mkokotoni na Micheweni, mapema angejijua hana watu na angekaa nyumbani. Lakini uamuzi ukiwa wa chumbani, kila mtu ana haki ya kujiambia huenda likarudi jina lake. Na imewahi kutokea. Mwaka 2000 Dk. Bilal ndiye aliyeongoza kwa wajumbe wa Zanzibar, Dodoma ikampitisha Amani Karume. Mwaka 2015, kwenye urais wa Muungano, walichukua fomu 42 na wakarejesha 38. Jina lililokuwa midomoni mwa watu ni Lowassa. Likakatwa, na aliyeibuka ni Magufuli. Fomu ilikuwa shilingi milioni moja. Kwa waziri au balozi, milioni moja kwa bahati ya namna ile si fedha nyingi.

Halafu anayekosa mara nyingi hatoki mikono mitupu. Mwaka 2010 Dk. Bilal na Nahodha walishindwa na Dk. Shein. Mwaka ule ule Bilal akawa Makamu wa Rais wa Muungano na Nahodha Waziri wa Mambo ya Ndani. Baada ya 2015, January Makamba na Mwigulu Nchemba, walioomba wakakosa, waliingia katika baraza la mawaziri la Magufuli, na Balozi Mahiga, ambaye naye aliomba, akapewa Mambo ya Nje. Sisemi hawakustahiki. Nasema anayetazama kutoka pembeni anajifunza kwamba kuchukua fomu ni njia ya kujitambulisha kwa anayeteua.

Nawakaribisha. Nipingeni kwa hoja.

Mchangiaji, Mwanakwerekwe

Ndugu yangu, hoja yako ya kwanza haisimami. Marekani wanaopiga kura za mchujo, za kumpata mgombea wa chama, ni wananchi wenyewe, na bado 2016 chama cha Republican kilikuwa na wagombea 17 wanaojulikana. Democratic 2020 walizidi 20. Na huko pia walioshindwa walipewa: Ben Carson na Rick Perry wakawa mawaziri wa Trump, Buttigieg akawa waziri wa Biden, na Kamala Harris, aliyejitoa kabla ya kura ya kwanza, akawa Makamu wa Rais. Tatizo si nani anachagua. Rais ana vyeo vingi vya kugawa, na hilo ni huku na huko.

Mchangiaji, Wete

Mimi nataka kuwakumbusha upande mwengine. Chaguzi sita, 1995 mpaka 2020, sisi wa upinzani tulikuwa na mgombea mmoja, Maalim Seif, kwanza CUF kisha ACT-Wazalendo. Mungu amrehemu. Hakuna aliyeona tumekosa demokrasia, kwa sababu tulijua kwa nini ni yeye. Chama kilichokuwa kikipambana vile kisingeweza kumudu watu thelathini wanaovutana. Wengi si lazima iwe afya, ndugu zangu. Mimi nimeishi kwenye chama cha mtu mmoja na sijaona aibu.

Mchangiaji, Jang'ombe

Kaka zangu mnataka mlango ufinywe, lakini ukifinywa wa kwanza kubaki nje ni mwanamke. Bi Amina Salum Ali, Mzanzibari, 2015 aliingia tatu bora ya urais wa Muungano na akapata kura 253 za Mkutano Mkuu, wa pili baada ya Magufuli. Mkiweka ada kubwa au mkisema waje "wanaojulikana" tu, mjue wanaojulikana ni kina nani. Waingie hata hamsini.

Mwanzisha mada

Dada yangu wa Jang'ombe, hapo tuko pamoja. Sitaki ada ipande wala mtu azuiwe. Idadi yenyewe hainisumbui.

Bwana wa Mwanakwerekwe, la vyeo nakubali, linavuta watu kote kuwili. Lakini tazama wanavyopungua. Biden 2020, kwenye mchujo wa jimbo baada ya jimbo, alishindwa Iowa, akashindwa New Hampshire, akaja kushinda South Carolina. Baada ya hapo Buttigieg na Klobuchar wakasoma hesabu na wakajitoa wenyewe. Kila mtu aliona. Na Marekani hawakuzaliwa hivyo: 1968 Humphrey alipitishwa na chama chake cha Democratic kugombea urais bila kushinda mchujo hata mmoja, watu wakakasirika, kanuni zikabadilishwa. Kwetu wanatoka thelathini kufika watatu na hakuna aliyeona kitu. Ndiyo maana miaka mitano baadaye bado kuna watu wamenuniana mitaani kwa majina yaliyokatwa 2020.

Januari 2025 tumeona sura nyengine: Mkutano Mkuu Dodoma ulimpitisha Dk. Mwinyi kwa Zanzibar na Rais Samia kwa Muungano, bila ya kinyang'anyiro. Ninavyoona mimi, thelathini wa 2020 na yule mmoja wa 2025 wametoka chumba kimoja. Sote tulikuwa nje.

Ninachopendekeza ni kidogo. Vikao vichuje, sawa, lakini visibaki na kura ya mwisho. Majina matatu au matano yashuke matawini, wanachama wa Unguja na Pemba wapige kura siku moja, na matokeo ya kila tawi yabandikwe ukutani pale pale. Aliyekatwa kabla ya hapo aandikiwe sababu.

Na wewe ndugu yangu wa Wete, nakuuliza kwa heshima. Maalim alikuwa Maalim, hilo hatubishani. Lakini hayupo tangu Februari 2021. Wakijitokeza wanne kwenu 2030, kila mmoja na watu wake, mwanachama wa tawi la Wete atapiga kura yake, au atasubiri kuambiwa?