Nimetoka edani nikiwa na mashua na mabaharia wanne. Niuze, au nisimame nayo?

Mama wa Watatu, Lamu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naandika usiku watoto wamelala.

Mume wangu alifariki Novemba. Hakuugua. Alirudi kutoka baharini alfajiri, akaswali, akanywa chai, akasema kifua kinambana, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumempoteza. Nimekaa eda yangu miezi minne na siku kumi hapa Langoni, nimetoka wiki iliyopita. Wa kiume ana miaka 14, wa kike wawili ni wadogo zake. Mama yake marehemu yu hai, tunaishi naye.

Ameacha mashua ya mbao yenye mashine, jarife (wavu mkubwa) na mabaharia wanne. Ubavuni ameiandika jina la binti yetu mkubwa. Nikiwa edani mabaharia waliendelea kutoka, na pesa nikiletewa na shemeji yangu, ndugu wa marehemu. Mwanzo ilikuwa elfu nne kwa wiki, ikawa elfu mbili, Machi nikaletewa mia nane. Sijui kama ni bahari au ni jambo jingine, na sitaki kumdhulumu mtu kwa dhana. Tena tajiri anayenunua samaki wetu ameleta daftari linaloonyesha deni la shilingi 85,000, pesa za jarife na mafuta. Shemeji anasema mnunuzi yupo, tuuze kila kitu kabla kusi, upepo mkali wa kusini, haijashika.

Kazi yangu miaka yote ni mahamri na vibibi, wateja huja mlangoni. Sijawahi kukanyaga diko samaki wakiteremshwa. Sikukatazwa, ila sikuwa na haja, kwa sababu samaki aliingia nyumbani mkononi mwa mume wangu. Nikifikiria kusimama pale kati ya wanaume na mizani, mikono inakuwa baridi. Na nikiifikiria mashua ile chini ya mtu mwingine, silali.

Nipeni rai, hasa kina mama mliowahi kuingia mahali ambapo hamkuwa mkiingia.

Mtu wa Mokowe

Allah amrehemu. Dada, uza. Mashua ya mbao inataka matengenezo kila mwaka na mabaharia wasio na mwenye chombo juu yao hufanya watakavyo. Chukua pesa, panua biashara ya mahamri unayoijua.

Mwana wa Mkomani

Pole sana shangazi. Kabla ya kuuza au kutouza, mashua hiyo si yako peke yako, wala si ya shemeji. Ni ya warithi. Kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia kama upo, usiozidi thuluthi. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa: wewe thumuni (moja ya nane) kwa kuwa kuna watoto, mama yake sudusi (moja ya sita), na watoto wanachukua baki, wa kiume mara mbili ya wa kike. Palipo na mtoto wa kiume, ndugu wa marehemu harithi. Simsemi shemeji vibaya, anaweza kuwa mshauri mwema kabisa, lakini hana fungu la kuuza.

Watoto ni wadogo, kwa hiyo fungu lao ni amana. Nenda Mahakama ya Kadhi hapo mjini, ufungue mirathi. Na deni la tajiri lipelekwe huko huko, alithibitishe. Daftari lililoandikwa na mdai peke yake halitoshi, aulizwe mashahidi wake ni nani na jarife lilinunuliwa lini.

Mama Karanga, Malindi

Mwanangu, nimekusoma mara mbili. Mimi nakaanga na kuuza samaki hapa Malindi mwaka wa kumi na saba huu, na siku yangu ya kwanza dikoni naikumbuka kuliko siku ya harusi. Bwanangu alipigwa na kiharusi, upande mmoja ukalala, na nyumbani mlikuwa na unga wa siku mbili. Nilikwenda na beseni na shilingi 600. Sikujua hata nisimame wapi. Nilisimama mbali, penye upepo, nikingoja kuitwa. Hakuna aliyeniita. Samaki wakaisha, nikarudi na beseni tupu nikilia njia nzima.

Siku ya pili nikasimama penye mizani. Hilo ndilo ninalokupa, mwanangu, hata usiposhika jingine. Anayesimama kando huuziwa mabaki na huhadithiwa uzito. Sikusema neno siku hiyo. Niliangalia nani anapima, nani anaandika, beseni limemwagwa maji au limepimwa nayo, na wale wadogo wanatiwa fungu gani. Siku ya tatu nikauliza bei ya tafi. Mzee mmoja akanijibu bila kunitazama, lakini alinijibu.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, watakutazama. Mimi walinitazama wiki mbili hivi. Kisha siku moja chombo kilichelewa, na mwanamume ambaye hajawahi kunisalimu akaniuliza mimi kama nimesikia habari zake.

Usingoje mikono ipate joto ndipo utoke. Yangu mpaka leo hupoa nikienda kwa mnunuzi mgeni, nami huenda nayo hivyo hivyo. Ila mara ya kwanza usiende peke yako. Mama mkwe wako akiweza kutembea, nenda naye. Hakuna baharia atakayemvunjia heshima mama aliyemzaa mwenye chombo. Yeye atoe salamu, wewe shika daftari.

Na liwe daftari lako. Tarehe, aina ya samaki, kilo, bei, lita za mafuta. Hiyo mia nane ya Machi, kaulize BMU, kamati ya wavuvi ya diko lenu, wao huandika kinachoteremshwa. Linganisha kabla hujamfikiria mtu. Mwisho wa Machi kaskazi hufa na upepo haujui uende wapi, huenda samaki walikosekana kweli.

Baharia wa Faza

Mama, usiche. Niongeze machache ya chombo.

Kwanza kusi. Shemeji ana haki kuiogopa, Juni na Julai chombo kidogo hakitoki nje ya mwamba, kinavua ndani kwenye mikoko na mikono ya bahari. Lakini kwako wakati huu ni rehema. Ndio wakati wa kupandisha chombo, kukitia kalafati (kuziba nyufa za mbao kwa pamba), kukipaka deheni (chokaa na mafuta) chini na sifa (mafuta ya papa) juu. Kipandishe, na wewe uwepo. Mwite fundi, wa Matondoni wanajulikana, agonge ubao mmoja mmoja mbele yako. Ubao mzima una sauti, uliooza hauna. Utaisikia tofauti hata kama hujawahi kugusa mashua.

Pili, mafungu. Kwa desturi hutolewa mafuta, barafu na chakula, kinachobaki hugawanywa: chombo na lake, mashine na nyavu na lake, mabaharia na lao. Kila chombo kina mapatano yake, hivyo muulize nahodha mapatano ya marehemu mbele ya wenzake wote, si faraghani.

Tatu, deni. Ukiwa na deni la tajiri, samaki wako hupimwa kwake kwa bei anayotaka yeye. Kabla ya kulipa hata senti, uliza wanunuzi wengine wawili wanachukua samaki aina ya changu kwa ngapi. Tofauti ya kila kilo ndiyo riba uliyokuwa ukilipa bila kuijua.

Mama wa Watatu, Lamu

Nimechelewa kurudi, mnisamehe. Nimesoma kila neno, mengine nimemsomea mama mkwe.

Tulikwenda Jumamosi. Hakuwa ameshuka pwani tangu msiba. Alivaa buibui lake la Idi, akanishika mkono, na mimi ndiye niliyekuwa nikitetemeka. Nahodha alipomuona aliacha kamba, akaja akambusu mkono, wakalia wote wawili pale pale. Wakamkalisha juu ya kreti, karibu na mizani. Mama Karanga, nilisimama ubavuni mwake. Kilo 31, nyingi tafi, changu kidogo na tewa mmoja. Niliandika kwenye daftari la hesabu la mwanangu. Anayepima alitaja 29, nikamwomba arudishe mizani kwenye sufuri na aanze upya. Sauti yangu ilitoka ndogo sana, lakini alianza upya.

Kuhusu Machi, nashukuru sikusema neno. BMU walinionyesha kitabu: siku kumi na moja mashua haikuteremsha kitu. Rafadha, panga la mashine linalosukuma mashua, ilikuwa imevunjika, shemeji akanunua nyingine kwa pesa zake, akaona asinisumbue nikiwa edani. Nilikuwa nimeshamhukumu moyoni. Nimekwenda kwake na mahamri, nimemwomba radhi, naye amekubali mnunuzi angoje mpaka Kadhi aseme. Tumeshafungua mirathi. Tajiri ametakiwa alete mashahidi, hajaleta bado.

Mtu wa Mokowe, rai yako sijaitupa. Kama kusi itaisha na mashua hailishi watoto, nitaiuza, lakini nitakuwa najua ninauza nini.

Jana imepandishwa. Fundi amegonga ubao mmoja mmoja, nami nimesikia kweli: mbili karibu na mkuku (uti wa chini wa chombo), upande wa kulia, zilijibu kama mto wa pamba. Anasema atie mbao za mbambakofi na anataka fedha ya mbao leo. Wa tatu, unaofuata, anasema nao ubadilishwe, ila mimi niliusikia ukilia vizuri. Baharia wa Faza, nimemwambia asishike msumeno mpaka nipate jibu hapa. Ubao ukikaa jirani na uliooza hubadilishwa hata kama una sauti, au nimwambie augonge tena?