Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, na watoto: kuna vitu vya maisha ya zamani ama ni mizinga tu?

MamaWawili_Umoja: Habari zenu wadau. Likizo ya Agosti napeleka watoto Mombasa na treni ya SGR. Hawa wangu wamezaliwa Umoja hapa Nairobi, nazi wanaijua ikiwa kwa pakiti na mlango wanajua ni wa chuma. Vita watasoma shuleni, mimi nataka waone vile watu wa Pwani walikuwa wanaishi, vyombo vyao, kazi za mikono. Nitapata hizo Fort Jesus ama niwapeleke tu makumbusho ya hapa Nairobi, Museum Hill?

Kijana_Buru: Enda Fort Jesus. Wareno waliijenga 1593 hadi 1596, Waomani wakaichukua 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, Waingereza nao wakaifanya jela toka 1895 hadi 1958, makumbusho ikafunguliwa 1962. Lakini usiwachoshe na hiyo, wapeleke moja kwa moja kwa vitu zilitolewa kwa ile meli ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama 1697 hapo hapo mbele ya ngome. Pia kuna ukuta wanajeshi na mabaharia Wareno walichorachora na makaa, meli na milingoti yake, yaani mtu amekaa hapo amechoka akachora kile anajua. Mtoto anaelewa hiyo haraka kuliko mzinga.

Binti_wa_Mvita: Dada, mie wa Mombasa nafanya kazi huku Nairobi. Usitoke bila kuingia Nyumba ya Waomani, iko ndani ya ngome. Na milango ya kuchonga msiipite mbio, waambie watoto wasimame karibu kabisa, waangalie ule mti wa katikati, mfaa, halafu wafuate mnyororo uliochongwa kwenye fremu kwa macho mpaka urudi chini upande wa pili, fundi kafanya yote kwa patasi na nyundo. Mkitoka ingieni Mji wa Kale, ni hapo hapo, mnywe kahawa na halua, milango mingine mtaiona bado watu wanaishi ndani. Beba kitambulisho, raia analipa kidogo.

msafiri254: Kwa maisha ya nyumbani hasa mimi nasema Lamu. Ngome yao ilijengwa kati ya 1813 na 1821, nayo ilikuwa jela hadi 1984, lakini utamu uko ile nyumba ya Kiswahili iliyofanywa makumbusho, jikoni, vitanda, vidaka vya ukutani. Shida ni umbali na watoto.

MamaWawili_Umoja: Asanteni sana. Lamu tutaipangia Desemba. @Binti_wa_Mvita asubuhi ama jioni, jua lisituchome?

Binti_wa_Mvita: Asubuhi mapema dada, uwanja wa ndani hauna kivuli kingi.